Gunia la Kilo Ngapi? Kwa Nini Wanaprogramu Hutaniana Kuhusu Majina

Tuseme kijana wa Kitale ameandika programu ya ghala la mahindi, na ndani yake mna mstari huu:

x = a * b2

Kompyuta haina neno. Itazidisha, itatoa jibu, na jibu litakuwa sahihi. Mwaka unapita, kijana anapata kazi Nairobi, na programu inakabidhiwa mwenzake aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma. Huyu anaukodolea macho mstari uleule. a ni nini? Kama hii ni b2, b1 ilikwenda wapi? Anampigia simu mwenyewe, naye anajibu kwa mzaha ambao wanaprogramu wa dunia nzima wanaujua: nilipoandika haya tulioyaelewa tulikuwa wawili, mimi na Mungu, sasa amebaki Mungu peke yake.

Kwa msomaji asiyeandika programu, kinachozungumziwa hapa ni kigeu, yaani nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta inayobeba thamani fulani: bei, uzito, jina la mteja. Thamani huweza kubadilika, lakini nafasi hubaki na jina ililopewa na mwandishi. Mashine haijali jina hilo ni lipi, ilmradi liandikwe vilevile kila mara. Jina lipo kwa ajili ya binadamu atakayeusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, baadaye. Mstari wetu ungeweza kuandikwa hivi:

thamaniYaShehena = idadiYaMagunia * beiYaGunia

Hesabu ni ileile, ila sasa hata karani wa ghala anaweza kuisoma. Phil Karlton, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Netscape, anakumbukwa kwa kusema kwamba sayansi ya kompyuta ina mambo mawili tu magumu, na kuvipa vitu majina ni mojawapo. Wanaprogramu wamelirudia neno hilo kwa miaka mingi, kwa sababu kila mmoja ana b2 yake mahali fulani.

Ubishi unaosikika zaidi ni wa mwandiko. Katika lugha nyingi za programu jina la kigeu haliruhusiwi kuwa na nafasi katikati, kwa hiyo maneno yake lazima yaunganishwe. Wapo wanaoinua herufi kubwa kila neno jipya linapoanza, beiYaGunia, na mtindo huo huitwa wa ngamia kwa sababu ya nundu. Wengine hutumia kistari cha chini, bei_ya_gunia, nao ni mtindo wa nyoka. Watumiaji wa lugha ya Java hupanda ngamia. Lugha ya Python, kupitia mwongozo wake wa mwaka 2001 uitwao PEP 8, humfuata nyoka. Mtu wa Kitale ana haki ya kuuliza ngamia atatoka wapi huku, ilhali nyoka tunao. Ubishi huu hauhitaji mshindi. Timu ikichagua mtindo mmoja na kuushika, msomaji hapotei.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Gunia na magunia hutofautiana mwanzoni mwa neno, mahali ambapo jicho huanzia. Mbegu ni mbegu, iwe moja au elfu. Kigeu kiitwacho mbegu hakisemi kama kimebeba idadi, aina au orodha nzima, na anayeandika kwa Kiswahili hana budi kuongeza neno: idadiYaMbegu, ainaYaMbegu.

Je, majina mafupi ni dhambi? Zamani yalikuwa lazima. Fortran, lugha iliyotolewa na IBM mwaka 1957 na timu iliyoongozwa na John Backus, iliruhusu herufi zisizozidi 6 kwa jina. Tena ilikuwa na kanuni yake: jina linaloanza na herufi yoyote kuanzia I hadi N lilibeba namba kamili, na mengine yote yalibeba namba halisi, zile zenye desimali. Matoleo ya baadaye yalimruhusu mwandishi kutangaza vinginevyo, na hapo ukazuka mzaha unaosimuliwa hadi leo kwa Kiingereza: GOD ni halisi, isipokuwa atangazwe kuwa kamili. Kwetu mzaha huo unanoga zaidi. MUNGU ana herufi 5, anaenea, na anaanza na M. Ni kamili bila kutangazwa na mtu.

Ufupi hauna hatia pale ambapo ufunguo wake unajulikana kwa wote. Ingia duka la pembejeo mjini Kitale useme H614. Muuzaji hataomba maelezo. H ni haibridi, na 6 ni ya mahindi ya nyanda za juu, yanayokaa shambani muda mrefu. Mkulima wa mwinuko wa kati ataulizia familia ya 5, kama vile H513. Kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa H611 mwaka 1964, na Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1956, imeyaeneza majina ya namna hiyo mpaka yakawa lugha ya wakulima. b2 ilikuwa na ufunguo pia, lakini uliondoka na mwenyewe kwenda Nairobi.

Wapo waliotaka jina liseme mengi zaidi. Charles Simonyi, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Xerox na baadaye Microsoft, alipendekeza kwamba kila jina litanguliwe na herufi zinazoonyesha aina ya kitu. Mtindo wake ukaitwa wa Kihungari, kwa heshima na kwa utani pia, maana kwa wengi ulionekana lugha ya kigeni. Bungoma usingemshangaza mtu. Kwa Wabukusu, Wafula na Nafula walizaliwa wakati wa mvua, Wekesa na Nekesa wakati wa mavuno, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. W ya mwanzo inakuambia ni mwanamume, N ni mwanamke, na kinachofuata kinaeleza majira. Darasani wakikutana akina Wafula watano, mwalimu huongeza jina la baba. Wanaprogramu hufanya vivyo hivyo kwa kutanguliza sehemu ya programu ambamo kigeu kimo: ghala.bei si duka.bei.

Tofauti ni kwamba jina la mtu hutunza habari ya siku aliyozaliwa. Nafula habadilishi jina kiangazi kikiingia, na hakuna anayemwona mwongo. Kigeu hudai kusema kilivyo leo. Programu za Windows zina kigeu kiitwacho wParam, ambacho w yake ilimaanisha namba ya biti 16. Windows ilipohamia biti 32, kisha 64, kigeu kilipanuka lakini w ikabaki, kwa kuwa programu nyingi mno zilikuwa zimekwisha kulitumia jina hilo. Mgeni akiiamini w, anapotea. b2 ilimchelewesha msomaji tu.

Sasa turudie beiYaGunia, tuliyoisifu hapo juu. Gunia la kilo ngapi? Bei ya mahindi hutajwa kwa gunia la kilo 90, mbolea hufungwa katika mfuko wa kilo 50, na sokoni mama anapima kwa gorogoro, kopo la kilo 2 hivi. Shilingi 3,600 kwa kilo 90 ni shilingi 40 kwa kilo. Programu ikidhani gunia ni la kilo 50, kilo moja inakuwa shilingi 72, na kompyuta haitalalamika.

Mkanganyiko wa vipimo umewahi kugharimu zaidi ya mahindi. Mwezi Septemba 1999 chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika sayari ya Mars. Programu ya upande mmoja ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na upande wa pili ukazipokea kana kwamba ni za metriki. Tofauti ilikuwa zaidi ya mara nne. Wahandisi walikosea na ukaguzi haukulinasa kosa, kwa hiyo si haki kulibebesha jina mzigo wote. Hata hivyo, namba iliyobeba kipimo chake katika jina ingempa mkaguzi sababu ya kusita.

Kwa hiyo, wanaprogramu wanapocheka ngamia na nyoka, wanacheka jambo jepesi. Zito ni lile ambalo msomaji hawezi kulijua kwa kuutazama mstari: kipimo, sarafu, tarehe ya kuanza kuhesabu. Hilo ndilo la kuwekwa kwenye jina, na yanayoonekana wazi yaachwe. Kulijaribu jina hakuhitaji mtaalamu. Msomee mwenzako kwa simu, bila kumwonyesha msimbo. Kwa beiYaGunia atauliza kilo ngapi. Kwa beiYaGuniaKilo90 atauliza bei yenyewe ni shilingi ngapi, na hilo ni swali la kujibiwa na programu.