Bunduki ya Shabaha: Somo la Vipimo na Makosa

Neno bunduki huwakumbusha watu wengi vita, ujangili, au mlinzi aliyesimama mlangoni mwa benki. Hata hivyo wako watu, hasa katika nchi za Ulaya ya kati, ambao kwao bunduki ni chombo cha kupimia, nao huipenda kama fundi wa saa aipendavyo saa isiyopoteza dakika. Watu hao ni walenga shabaha. Katika makala haya tutachunguza furaha yao inatoka wapi, nasi tutaona kwamba chanzo chake ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa fizikia hukutana nalo katika maabara, yaani kosa la kipimo.

Shabaha yenyewe

Tuchukue mfano wa mchezo wa bunduki ya hewa wa mita 10, ulioingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Los Angeles mwaka 1984. Mlengaji husimama wima, hufyatua risasi 60, naye hupewa dakika 75 kuzimaliza. Risasi ina kipenyo cha milimita 4.5. Katikati ya shabaha pana nukta yenye kipenyo cha nusu milimita tu, na alama kumi hupatikana iwapo risasi itaigusa nukta hiyo japo kwa ukingo wake.

Hesabu yake ni nyepesi. Kitovu cha risasi kinaruhusiwa kuwa mbali na kitovu cha shabaha kwa milimita 2.5, yaani nusu ya kipenyo cha risasi kujumlisha nusu ya kipenyo cha nukta. Milimita 2.5 katika mita 10 ni sehemu 1 katika 4,000. Ikiwa umbali baina ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni sentimita 80, basi kupotoka kwa milimita 0.2 tu kati ya vilengeo hivyo kunatosha kumnyima mlengaji alama yake ya kumi.

Bunduki ipendwayo

Nilipokuwa masomoni Ujerumani nilizoeana na mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, aliyekuwa mwanachama wa chama cha walenga shabaha cha mji wake. Alikuwa na bunduki kadhaa, mojawapo ikiwa ya baruti ya mita 50 iliyotengenezwa na kiwanda cha Anschütz cha mjini Ulm. Lakini aliyoipenda kupita zote ilikuwa bunduki ya hewa ya kale, Feinwerkbau 300, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kifizikia kabisa.

Katika bunduki ya hewa ya kawaida, kamani yenye nguvu huisukuma pistoni mbele, pistoni huishindilia hewa, na hewa huisukuma risasi. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, pistoni iendapo mbele bunduki husukumwa nyuma, na hayo hutokea kabla risasi haijatoka mdomoni mwa mtutu. Waundaji wa Feinwerkbau 300 waliuweka mtutu pamoja na silinda yake juu ya reli fupi, ili viteleze nyuma huku kitako kikibaki kimetulia begani. Bunduki za mashindano za siku hizi hutumia hewa iliyoshindiliwa hadi takriban mara 200 ya kanieneo ya angahewa. Hazina kamani kubwa wala pistoni nzito, na hivyo tatizo hilo karibu limetoweka.

Jambo la pili ni mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu. Gobore la mababu zetu lilikuwa na mtutu laini, na gololi yake ilitoka ikizunguka ovyo, mara huku mara kule. Benjamin Robins, mwanahisabati Mwingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya kanuni za mizinga mwaka 1742, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza kisayansi kwamba mzunguko huo usiotabirika ndio unaoipotosha gololi njiani. Mifuo huipa risasi mzunguko wa aina moja kila mara, nayo hutulia hewani kama pia inavyosimama ikizunguka.

Makosa ya aina mbili

Sasa tufikie kiini cha makala haya. Risasi ya hewa yenye kasi ya mita 170 kwa sekunde huchukua kiasi cha sekunde 0.06 kufika shabaha. Katika muda huo mvutano wa dunia huishusha takriban milimita 17. Kosa hilo ni kubwa, lakini halimsumbui mlengaji, kwa kuwa hutokea vilevile kila mara. Huondolewa kwa kupandisha kilengeo. Hilo tuliite kosa la kudumu. Kosa jingine hutokana na kutikisika kwa mkono, tofauti ndogo baina ya risasi na risasi, na mapigo ya moyo. Hilo halina upande maalumu. Tuliite kosa la nasibu.

Mlengaji asiyejua tofauti hiyo hujiharibia mwenyewe. Tuseme risasi yake ya kwanza imekwenda kulia milimita 3 kwa nasibu tu. Yeye husogeza vilengeo ili risasi zije kushoto milimita 3. Risasi ya pili sasa hubeba kosa lake lenyewe pamoja na masahihisho ya kosa ambalo halikuwa la bunduki. Akiendelea kusahihisha hivyo baada ya kila risasi, mtawanyiko wa risasi zake hatimaye huongezeka takriban mara 1.4, ambayo ni kipeuo cha pili cha 2. Jitihada yake ya kusahihisha ndiyo iliyomharibia.

Mzee yule alikuwa na daftari. Hakugusa vilengeo mpaka apige risasi tisa na kutafuta kitovu chao, kwani kosa la nasibu la wastani wa risasi tisa ni theluthi moja tu ya kosa la risasi moja. Alilijua kosa la bunduki yake kwa nambari, na hapo ndipo penye furaha ya mchezo huu: risasi ikipotoka, mlengaji anaweza kusema kwa haki kama ni chombo au ni yeye.

Mwili wa mlengaji

Mara nyingi ni yeye. Walengaji hujifunza kuizuia pumzi kidogo kabla ya kufyatua, na dawa zinazopunguza mapigo ya moyo zimepigwa marufuku katika mashindano. Mazoezi hushinda hata ulemavu. Károly Takács wa Hungaria aliumizwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938, akajifunza kulenga kwa mkono wa kushoto, na akashinda medali ya dhahabu ya bastola katika Olimpiki za mwaka 1948 na 1952.

Hatari zake

Furaha hii ina gharama. Mlio wa bunduki nyingi za baruti huzidi desibeli 140, na seli za kusikia za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Hivyo masikio lazima yazibwe. Lugha yetu nayo yatuonya, kwani neno risasi ni jina la kipande kinachofyatuliwa, na pia ni jina la madini ambayo kwa kawaida hutengenezwa. Madini hayo ni sumu. Vumbi na moshi wake huvutwa katika kumbi zisizopitisha hewa vizuri, na mikono isiyonawa huyafikisha mdomoni. Zaidi ya yote, bunduki ni silaha ya kuua, nayo huwekwa chini ya sheria na vibali. Hata ile ya hewa yaweza kumpofusha mtu.

Jaribio kwa shule

Somo lenyewe halihitaji bunduki. Mwalimu achore msalaba juu ya mchanga, kisha mwanafunzi adondoshe kokoto 20 kutoka usawa wa bega, akiashiria kila ilipoangukia. Wanafunzi wapime umbali wa kila alama kulia au kushoto, mbele au nyuma, na watafute wastani. Umbali wa kitovu cha alama kutoka msalabani huonyesha kosa la kudumu. Mtawanyiko wa alama kukizunguka kitovu hicho huonyesha kosa la nasibu. Kisha warudie, safari hii wakihamisha mkono baada ya kila kokoto ili kusahihisha kosa lililotangulia, na walinganishe mitawanyiko miwili. Mwanafunzi akishayaona hayo kwa macho yake, hatakuwa mwepesi wa kufuta kipimo asichokipenda katika daftari lake la maabara.