Kusoma Mwaka Katika Sarafu za Japani

Sarafu za Japani hazihesabu miaka kwa kalenda ya kimataifa bali kwa enzi, yaani kipindi cha utawala wa Kaisari mmoja chenye jina lake rasmi, na kwa sababu hiyo anayetaka kujua sarafu ilitengenezwa lini hana budi kutambua kwanza jina la enzi, kisha mwaka wa enzi hiyo, ndipo afanye hesabu ya kujumlisha. Tangu 1868, ilipoamuliwa kwamba kila Kaisari awe na jina moja tu la enzi, yamepita majina manne, Meiji (明治), Taisho (大正), Showa (昭和) na Heisei (平成), na la tano, Reiwa (令和), linatumika tangu tarehe 1 Mei 2019. Mwaka wa Meiji huongezewa 1867, wa Taisho 1911, wa Showa 1925, wa Heisei 1988 na wa Reiwa 2018.

Sarafu za yeni 100 na 500 huonyesha mwaka kwa tarakimu za kawaida, lakini nyingine nyingi hutumia kanji, alama za maandishi zenye asili ya Kichina. Moja, mbili na tatu ni mistari tu (一, 二, 三), kumi ni msalaba (十), na namba inayotangulia kumi huizidisha ilhali inayoifuata huongezwa juu yake, hivyo 三十 ni 30 na 十三 ni 13. Alama 年, yenye maana ya mwaka, hufunga maandishi. Kwa hiyo 昭和三十五年 ni mwaka wa 35 wa Showa, yaani 1960. Mwaka wa kwanza wa enzi huandikwa 元, alama ya mwanzo, badala ya 一.

Wengi hukosea katika mwelekeo. Maandishi ya mlalo ya sarafu za kabla ya Vita Kuu vya Pili husomwa kuanzia kulia, na mtu akisoma kinyume, mwaka wa 12 wa Showa (1937) hugeuka kuwa wa 20 (1945), kosa ambalo alama za namba peke yake haziwezi kulifichua. Jina la nchi ndilo husaidia, kwani sarafu za zamani zina 大日本, Japani Kuu, ilhali za leo zina 日本国, Nchi ya Japani, badiliko ambalo bila shaka lina siasa ndani yake.

Mwaka mmoja wa kalenda huweza pia kubeba majina mawili: Kaisari Hirohito alifariki tarehe 7 Januari 1989, na mwaka huo ukawa wa 64 wa Showa kwa siku saba tu, kisha wa kwanza wa Heisei.

Kanuni hizi hazifai kwa sarafu za kale zenye tundu la mraba, kama Kan'ei tsuho (寛永通宝), ambayo husomwa juu, chini, kulia, kisha kushoto, na haina mwaka wowote. Enzi ya Kan'ei ilikwisha 1644, lakini sarafu zenye jina hilo ziliendelea kutengenezwa hadi karne ya 19, hivyo jina pekee si ushahidi wa umri.

Anayeanza kujifunza na achukue sarafu ya yeni 5, ambayo hata thamani yake imeandikwa kwa kanji (五円), bila tarakimu ya kawaida hata moja.