Kuchemsha maji hakuondoi floraidi

Shuleni tulikuwa tunaambiwa eti hatupigi mswaki. Mimi nilisugua asubuhi na jioni mpaka fizi zikatoa damu, na rangi ya kahawia ikabaki palepale. Ukitoka Arusha mjini kuelekea Usa River na Maji ya Chai utakutana na wengi wa aina yetu. Uchafu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye maji.

Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ina floraidi nyingi. Mvua ikipenya ardhini inayeyusha madini hayo polepole. Sehemu nyingine kalisi iliyomo kwenye maji hushikana na floraidi ikatuama chini, lakini maji yetu yana asili ya magadi na kalisi kidogo, kwa hiyo floraidi inabaki humohumo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia mpaka 4, kabla ya kushuka kwenye 1.5.

Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya fizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi kama miaka 8. Floraidi ikizidi wakati huo, tabaka gumu la nje la jino linakomaa vibaya, linabaki na vitundu, kisha linashika rangi. Ndiyo maana mtu mzima anayehamia Arusha leo meno yake hayabadiliki, ila ya mwanawe yatabadilika. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa: viungo vinakakamaa, na watoto wengine miguu inapinda.

Sasa tuje jikoni. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi hakuigusi. Tena kunaikoleza: lita 2 zenye miligramu 3 kwa lita, zikichemka mpaka zikabaki lita moja na nusu, zinakuwa na miligramu 4 kwa lita, maana mvuke umeondoka na madini yamebaki. Dawa ya klorini na chujio la kawaida la udongo navyo haviisaidii. Na yale magadi tunayotia kwenye makande ili yaive haraka? Mara nyingi yana floraidi yake. Loweka maharage usiku kucha, magadi hutayahitaji sana.

Kinachofanya kazi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi. Madini ya mfupa huinasa floraidi, kama vile mifupa yetu wenyewe inavyoinasa. Tatizo ni kwamba mkaa unashiba. Maji yanaendelea kutoka masafi kwa macho huku floraidi ikipita yote, na ulimi hautakuambia, hivyo lazima yapimwe na mkaa ubadilishwe. Hata kisima cha jirani si kipimo cha chako. Vinaweza kutofautiana sana.

Kama chujio hilo huna, anza na maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga, na hayo ndiyo uyachemshe. Yawe ya mtoto: ya kunywa na ya uji. Kuogea na kufulia tumia ya bomba tu, floraidi inaingia kwa kumeza.