Lubumbashi: Baridi, mbabula na kazi ya fundi wa mtaa

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 8, baridi ya usiku huingia Lubumbashi, mji ulio kwenye urefu wa karibu mita 1,200 juu ya bahari. Katika komini za Kenya, Katuba, Ruashi na nyinginezo, umeme ukikatika jioni familia nyingi hupika kwa makala. Chakula kikiisha kuiva, wengine huingiza mbabula chumbani ili watoto walale kwenye joto.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Makala yaliyokwisha kushika moto hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia katika damu huchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Akikutwa katika hali hiyo, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Nyumba nyingi zina matofali ya matundu juu ya dirisha, yale tunayoita klostra. Wakati wa baridi watu huyaziba kwa matambara au karatasi. Fundi mwashi anaweza kuyafungua na kuweka wavu wa mbu, au kujenga kibanda cha kupikia uani. Lakini matundu hayo hayaruhusu mtu kulala na mbabula. Mahali pake ni nje.

Hatari ya pili ni waya. Resho moja ya wati 2,000 kwenye volti 220 huvuta karibu ampea 9. Mbili ni 18. Waya wa milimita mraba 1.5 ni wa taa, hauwezi kubeba mzigo huo. Hupata moto, ganda huyeyuka, na nyumba inaweza kuungua. Soketi zinahitaji waya wa 2.5 angalau, na resho kubwa ipewe waya wake peke yake. Umeme ukikatika, zima resho kabla ya kulala: unaweza kurudi saa nane za usiku huku nguo ziko juu yake.

Je, fundi apatikane namna gani? Wengi huitwa kwa kuelekezwa na jirani, na si vibaya. Nenda kwanza uone kazi aliyoifanya hapo jirani. Muulize alijifunzia wapi: wengine wamepita INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, wengine wamefundishwa na fundi mkubwa. Anayekuambia kwamba waya wowote unafaa, achana naye.

Devi iandikwe kwenye karatasi, bei ya vifaa mbali na bei ya mkono, na wote wawili mtie sahihi. Nendeni pamoja dukani kununua waya. Avansi iwe ndogo. Salio lilipwe baada ya kuwasha kila kitu na kugusa soketi kwa nje kuona kama inapata moto.

Mpangaji azungumze kwanza na mwenye nyumba na kuandikiana nani analipa, kabla fundi hajagusa ukuta. Waya mzuri una bei, lakini ni nafuu kuliko kujenga upya nyumba iliyoungua.