Mtoto Aliyetulia Mno

Mama arudipo kutoka kazini au shambani, humwuliza bibi au jirani anayemlelea mtoto: "Amesumbua?" Akijibiwa kwamba alikaa kimya mkekani kutwa nzima, hufurahi. Sisi wauguzi hatufurahi sana.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 hujifunza kwa kushika, kutembea na kusemeshwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa umri huo acheze na kujongea jumla ya saa 3 kwa siku, wala asifungwe mgongoni zaidi ya saa 1 mfululizo.

Michezo haihitaji fedha. Mpe vikombe vya plastiki avipange na kuviangusha. Ficha kijiko chini ya khanga, umwulize kiko wapi. Viringisha mpira wa matambara aukimbilie. Mwambie aguse pua, sikio, goti. Akitamka neno, hata nusu, mjibu.

Lakini tuwe waangalifu. Maharagwe, punje za mahindi, vifungo na visoda humpalia mtoto. Ndoo ya maji isiachwe karibu naye. Hata maji machache huweza kumzamisha.

Mtoto wa miezi 18 asiyetembea, au wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, aletwe kliniki mapema. Tusingoje tukisema, "Atakua tu."

Ndugu wazazi, jioni ya leo tubadili swali. Tumwulize mlezi: "Leo mmecheza nini?"