Kabla ya Turbo, Anza na Tairi

Babati ni mji wa njia panda. Barabara za Arusha, Singida na Dodoma hukutana hapa, na tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, gari dogo linaweza kutoka Arusha hadi makao makuu ya nchi bila kukanyaga vumbi. Katika kata zake, Sigino ikiwamo, gari la mtu wa kawaida ni Mark II, Altezza, Crown au Subaru iliyokwishatumika Japani. Ndilo linalompeleka kazini, ndilo linalobeba mgonjwa usiku. Kijana mwenye gari kama hilo akipata hamu ya mbio za dragi, fedha yake ya kwanza huenda kwenye injini: turbo, eksozi pana, kontroboksi iliyochezewa. Mpangilio huo ni wa kichwa chini miguu juu. Safari ya kuligeuza gari la kila siku kuwa la mbio inapaswa kuanzia kwenye tairi na breki, ikaishie kwenye injini.

Mbio za dragi ni rahisi kueleza. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, na kila moja hukimbia mstari mnyoofu wa robo maili, yaani mita 402. Muda wa gari hutegemea uzito wake na nguvu ya injini, lakini faida ya nguvu hupungua kadiri unavyoiongeza. Mark II ya GX110 yenye injini ya 1G-FE ina nguvu za farasi zipatazo 160, na ikiwa na dereva ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Kwa kanuni ambayo wanambio wameitumia kwa miaka mingi, gari hilo humaliza kwa sekunde 16 hivi. Ili limalize kwa 12, yaani muda upungue kwa robo tu, nguvu inapaswa kuongezeka zaidi ya mara mbili, hadi farasi 370 na ushei. Kila sekunde unayoikata ni ghali kuliko ile iliyoitangulia.

Babati pia ina gharama yake. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa pungufu, hivyo hupoteza takriban sehemu moja kati ya nane ya nguvu iliyonayo Tanga au Dar es Salaam. Watetezi wa turbo hushika hoja hapa, na wana haki: turbo hushindilia hewa na kurudisha kilichopotea. Ila swali linabaki palepale. Nguvu hiyo ikishapatikana, itafikaje kwenye lami?

Mbio huamuliwa zaidi katika mita 18 za mwanzo. Ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde hapo, faida hukaribia mbili za kumi kwenye mstari wa mwisho, kwa sababu mwendo uliouwahi mapema unakwenda nao hadi mwisho. Na mita hizo ni za mshiko. Tairi gumu la bei nafuu linalozunguka mahali pamoja likitoa moshi linapoteza muda, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Gari linapochomoka, uzito hurudi nyuma. Mark II, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hunufaika. IST, inayovutwa na ya mbele, huteleza. Kwa hiyo tairi laini lenye upepo uliopimwa, shokomzoba nzima na bushi zisizolegea huleta faida kabla injini haijaguswa. Kushusha tairi la akiba, jeki, spika kubwa za muziki na mizigo iliyosahaulika kwenye buti, jumla kilo 70, hukata karibu robo sekunde bila kulipa senti. Siku inayofuata vyote vinarudishwa na gari linakwenda kazini.

Baada ya mshiko ni kusimama. Gari la sekunde 12 huvuka mstari likiwa na mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Nishati mwendo ambayo breki zinapaswa kuimaliza hapo ni mara tano ya ile ya kilomita 80. Hata wenye fedha na wahandisi wamelazimika kuheshimu hesabu hii. Mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki kwenye mashindano huko New Jersey, chama cha mbio za dragi cha Marekani, NHRA, kilifupisha mbio za magari yake yenye kasi kubwa kabisa hadi mita 305, ili yabakiwe na nafasi zaidi ya kusimama.

Wapo watakaosema kuwa kufunga 1JZ-GTE, injini ya turbo ya kiwandani yenye farasi 280, ni njia ya mkato iliyokwisha kujaribiwa. Ni injini imara kweli. Lakini tazama Toyota wenyewe walifanya nini walipoiuza ndani ya Mark II: waliipa breki kubwa na gia boksi yenye nguvu zaidi kuliko ya gari la 1G-FE. Anayehamisha injini peke yake amenunua nusu ya gari. Nusu iliyobaki atailipia gia boksi itakapoanza kuteleza, shafti itakapokatika, au breki zitakapochemka kwenye mteremko akiwa na watoto kiti cha nyuma.

Wengine watasema barabara kuu ni nyoofu na usiku haina watu. Si kweli kwamba haina watu: pikipiki isiyo na taa, mkokoteni na mtembea kwa miguu havionekani kwa mbali, na kwenye makazi mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Bima nyingi pia hukataa madai yatokanayo na mashindano. NHRA yenyewe iliundwa mwaka 1951 kwa lengo la kuwatoa vijana barabarani na kuwapeleka mahali palipofungwa, penye sheria na ukaguzi. Kwa Tanzania, chama kinachosimamia michezo ya magari ni AAT, na mlango wa kugonga ni huo.

Kwa hiyo wapenzi wa mbio wa Babati wana kazi mbili, na zote zinawezekana. Fundi na mwenye gari wafuate mpangilio: tairi, breki, uzito, gia boksi, kisha injini. Atakayeishia hatua ya tatu bado ana gari la kwenda nalo Arusha na kurudi. Nao kwa pamoja waunde klabu, waiombe halmashauri ya mji na polisi wafunge kipande cha barabara kwa siku moja, gari la wagonjwa likiwapo na kila gari likikaguliwa. Bila mahali pa kukimbilia, fedha yote iliyotumika kwenye gari imenunua hatari kwa majirani.