Ng'ombe akizaa mnene, ini ndilo linaloumia



Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimsifia kijana mmoja ng'ombe wake mwenye mimba. Mgongo bapa kama meza! Nikamwambia endelea hivyo hivyo, maziwa yatakuja. Siku chache baada ya kuzaa ng'ombe akagoma pumba, maziwa yakashuka, pumzi ikawa na harufu tamu tamu kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Daktari wa mifugo akasema ni ketosisi na ini limejaa mafuta. Hakupona. Alikuwa wa mkopo. Kijana hakunilaumu, ila ushauri najua ulitoka kwa nani.

Iko hivi: ng'ombe akishazaa, maziwa anayotoa yanadai nguvu nyingi kuliko chakula anachoweza kula. Mwili unayeyusha mafuta yake na mengi yanakwenda kwenye ini. Ini linayachoma au linayasafirisha. Yakilizidi, yanabaki humo humo. Na ng'ombe mnene ndiye anayepunguza kula zaidi siku za kuzaa zikikaribia.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye diploma yetu hatukulifikia, linaitwa epijenetiki. Jeni za ini ni zile zile, ila juu yake hubandikwa alama ndogo za kemikali, mojawapo ni methili. Chukulia hereni za masikioni: ng'ombe habadiliki, lakini anayezisoma anajua yupi akamuliwe na yupi aachwe. Wakati wa shida ini hutumia alama hizo kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Methili zinatokana na lishe, hasa methionini na kolini. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walionyesha kuwa ng'ombe waliopewa methionini iliyokingwa isiharibiwe tumboni, kabla na baada ya kuzaa, alama hizo zilibadilika kwenye ini, hata kwenye jeni inayosimamia uchomaji wa mafuta.

Kwetu bandani kazi inaanza mapema. Rekebisha unene akiwa bado anakamuliwa. Mkaushe siku 60 kabla ya kuzaa akiwa na alama 3 hadi 3.5 kwenye kipimo cha 1 hadi 5: mbavu huzioni, ila ukibonyeza unazihisi. Kama ameshanenepa, usimkondeshe akiwa amekauka, utayeyusha mafuta kabla ya wakati. Wiki 3 za mwisho mzoeshe chakula cha ziada kidogo kidogo, na majani mazuri yasikosekane, maana bakteria wa tumboni wakishiba vizuri ndio wanaomtengenezea protini yenye methionini. Mashudu ya alizeti nayo yanasaidia.

Halafu jamani, ile kolini ya unga ya kuku msimpe ng'ombe. Bakteria hao hao wanaimaliza kabla haijafika kwenye ini, na hela yako imekwenda.